Pembezoni Hapajumlishwi

Fomu ina visanduku ishirini.
Mawasiliano. Ushirikiano. Kutunza muda. Umakini.
Kila kimoja alama tano, jumla mia,
kisha sahihi yangu, kisha muhuri wa chuo.
"Stadi zinazohamishika," imeandikwa juu,
kana kwamba ni vitanda na makabati.

Kiwandani Igogo nilifika saa nne na robo.
Miadi ilikuwa saa tatu.
Pantoni, nilisema. Pantoni haina mdomo wa kunikanusha.
Mlinzi akaitazama saa yake, hakusema neno.
Nilipofika kwenye kisanduku cha kutunza muda
cha Nkwabi Lufungulo, mwaka wa pili, majokofu,
mkono ukawa mwepesi: tano.

Darasani Nkwabi hanyooshi mkono.
Siku ya kuwasilisha mada alisimama mbele yetu
akaitazama chaki
kama mtu aliyeulizwa njia kwa lugha asiyoijua.
Mawasiliano nilimpa mbili,
na moja kati ya hizo ilikuwa huruma.

Msimamizi wake, Masalu, hapotezi maneno.
"Kijana wako ametuozeshea sangara kilo mia nne."

Usiku wa Jumanne, chumba cha baridi namba mbili.
Kazi yake kusoma kipimajoto kila saa.
Saa nane alisinzia.
Saa kumi akazinduka, akakuta joto limepanda
na mistari miwili mitupu kwenye daftari la zamu.
Kalamu ilikuwepo. Hakukuwa na mtu.
Namba mbili tu za kubuni,
na asubuhi lawama ingeliangukia gasketi la mlango,
gasketi bovu, kila mtu analijua.

Daftari nimeliona. Mwandiko wake umelalia kushoto:
"Saa nane, sikusoma. Nililala.
Saa tisa, sikusoma. Nililala."

Akaenda chumba cha minofu, kwa akina mama wa zamu,
wakaacha visu, wakahamisha samaki wote waliokuwa bado wazima.
Simu ya Masalu ilikuwa imezimwa.
Akatembea kwa miguu hadi Mabatini kumgongea,
mbwa wa mlima mzima wakimtangaza.

Wale akina mama niliwauliza: aliwaambia nini?
Mmoja akafuta mikono kwenye aproni.
"Alisema, nimekosea, nisaidieni. Basi."

"Umakini mpe sifuri," Masalu aliniambia,
na sifuri ile ni halali, nikaiandika.
Kisha akanisindikiza getini, akichezea funguo:
"Akimaliza mwakani, mlete kwangu.
Gasketi nimeshabadilisha."

Nilitafuta kisanduku. Niliipindua karatasi.
Nyuma ni nyeupe.
Nikaandika pembeni, herufi ndogondogo:
Alipoweza kudanganya, hakudanganya.

Ijumaa ikarudi kutoka ofisi ya mitihani,
pini imeitoboa sentensi yangu katikati.
Nyanjige hana ubaya, ana fomu mia tatu mezani.
"Mwalimu, pembezoni hapajumlishwi.
Ana arobaini na nane. Kufaulu ni hamsini."

Sasa ni usiku, Butimba, umeme umekatika,
naandika kwa tochi ya simu.
Kalamu ipo. Hakuna mtu.
Namba mbili tu za kubuni.

Naikata ile tano ya muda.
Naandika: Sijui. Siku hiyo nilichelewa mwenyewe,
wala haikuwa pantoni.
Napanda kwenye mawasiliano, naikata mbili ya chaki,
naandika maneno yote matatu, nimekosea, na nisaidieni, na basi,
mbele yake naandika: walimsaidia.
Naweka nne. Tano ningekuwa nampendelea.

Jumla sijapiga.
Kikokotoo anacho Nyanjige.